Kuunganisha Modemu na Mfumo wa Unix: Maradhi Matatu ya Kebo Moja

Mwaka 2001, nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, nilikuwa nikisaidia kutunza kompyuta ya chuo kimoja ambacho sitakitaja jina. Kompyuta hiyo iliendeshwa kwa Linux, mfumo wa ukoo wa Unix, na iliunganishwa na laini moja ya simu kwa njia ya modemu. Jioni walimu waliokuwa na kompyuta nyumbani waliipigia simu ili wasome barua zao. Usiku wa manane yenyewe iliipigia kompyuta nyingine iliyokuwa katika mji wa mbali, nazo zikabadilishana barua za siku nzima. Kwa miezi kadhaa kazi hiyo ilikwenda kwa kubahatisha. Kisha, katika muda wa wiki tatu, yakatokea mambo matatu.

La kwanza lilitokea usiku wa mvua. Msimamizi wa kompyuta alipiga simu kutoka nyumbani, akaingia kwa jina la root, yaani jina lenye mamlaka yote, na kabla hajamaliza kazi laini ikakatika. Aliyefuata kupiga simu usiku ule alikuwa mwanafunzi mwenye ruhusa ya kusoma barua tu. Badala ya kuulizwa jina na neno la siri, aliikuta alama ya # ikimngojea, na mbele yake mafaili yote ya chuo, zikiwamo alama za mitihani. Kijana yule alikuwa mwaminifu, na asubuhi alikuja mwenyewe kutoa taarifa. La pili lilitokea Ijumaa. Kompyuta zetu mbili zilimaliza kubadilishana barua kwa dakika chache, lakini modemu zao ziliendelea kupigiana mluzi hadi Jumatatu asubuhi, huku gharama ya simu ya masafa marefu ikihesabiwa. Hati ya madai ilipofika, mhasibu alitaka laini ile ifungwe kabisa. La tatu halikuwa na kishindo: kila mtu aliyesoma faili refu kutoka nyumbani aliona mistari ikirukwa katikati, ilhali barua fupi zilifika salama.

Tulilaumu mvua, tukalaumu laini, tukalaumu na Linux. Kumbe mambo yote matatu yalitokana na kebo moja yenye urefu usiozidi mita mbili, iliyokuwa kati ya kompyuta na modemu. Ili msomaji aone jinsi kebo moja inavyoweza kuleta maradhi matatu yasiyofanana, hapana budi kwanza tueleze modemu inafanya nini, kisha Unix inatazamia nini kutoka kwake.

Sauti na biti

Laini ya simu iliundwa ili ibebe sauti ya mwanadamu. Hupitisha mitetemo kuanzia kiasi cha 300 hadi 3,400 kwa sekunde, na iliyo chini au juu ya mipaka hiyo hufifia. Kompyuta, kwa upande wake, husema kwa volteji inayopanda na kushuka ghafla, na mabadiliko ya namna hiyo hayawezi kupita katika laini ya simu bila kuharibika. Modemu ndiyo mkalimani baina ya pande hizi mbili: huzigeuza biti kuwa milio, na milio inayotoka upande wa pili huigeuza kuwa biti tena.

Mfano ulio mwepesi kueleweka ni modemu ya Bell 103, ambayo kampuni ya AT&T iliitoa mwaka 1962. Anayepiga simu hutumia mlio wa mitetemo 1,270 kwa sekunde kumaanisha biti ya moja, na 1,070 kumaanisha sifuri. Anayepokea hutumia 2,225 na 2,025. Ni kama watu wawili wanaozungumza kwa wakati mmoja, mmoja kwa sauti nzito na mwenziwe kwa sauti nyembamba, bila mmoja kumfunika mwingine. Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba mlio haunyamazi hata pasipokuwa na habari ya kupeleka. Mlio huo wa kudumu, ambao katika makala haya tutauita wimbi chukuzi, ndio unaoiambia modemu kwamba mwenziwe bado yupo. Ukitoweka, mwenziwe ameondoka. Sehemu kubwa ya makala haya inahusu safari ya habari hiyo moja, kwamba mwenzetu ameondoka, kutoka kwenye modemu hadi ndani ya kompyuta.

Bell 103 ilipeleka biti 300 kwa sekunde. Kwa kuwa kila herufi huchukua biti 10 (moja ya kuanzia, nane za herufi yenyewe na moja ya kumalizia), hizo ni herufi 30 kwa sekunde, na ukurasa wa herufi 2,000 ulichukua zaidi ya dakika moja. Baadaye wahandisi walitumia mbinu za kubebesha biti kadhaa katika kila badiliko moja la wimbi, wakafika biti 2,400 kwa kanuni ya V.22bis mwaka 1984, 28,800 kwa kanuni ya V.34 mwaka 1994, kisha 33,600 mwaka 1996. Hapo walikuwa wanaukaribia ukuta. Claude Shannon alionyesha mwaka 1948 kwamba kila njia ya mawasiliano ina kikomo kinachotokana na upana wake na kiasi cha makelele yaliyomo, na kwa laini ya kawaida ya simu kikomo hicho ni kiasi cha biti 30,000 hadi 36,000 kwa sekunde. Modemu za V.90 za mwaka 1998 zilifika hadi 56,000 kwa upande mmoja tu, kwa sababu mitambo ya simu upande wa pili ilikuwa tayari ya kidijitali.

Nyaya zenye kazi

Kati ya kompyuta na modemu kuna kebo inayofuata kanuni ya RS-232, iliyotungwa mwaka 1960. Plagi yake ya zamani ina pini 25, lakini zinazohitajika kwa kazi yetu ni chache. Pini ya 2 hupeleka habari kutoka kwenye kompyuta, ya 3 huleta habari kutoka kwenye modemu, na ya 7 ni waya wa ardhi. Mtu akiwa na nyaya hizi tatu ataona herufi zikienda na kurudi, naye atadhani kazi imekwisha. Fundi wetu alidhani hivyo. Simlaumu sana, kwa maana kebo kamili haikupatikana madukani wiki ile, na kwa printa nyaya tatu zingeweza kutosha.

Nyaya zilizobaki hazibebi herufi bali hali. Pini ya 20, iitwayo DTR, ni kauli ya kompyuta kwamba iko tayari. Pini ya 8, iitwayo DCD, ni kauli ya modemu kwamba inalisikia wimbi chukuzi la mwenziwe. Pini ya 4, RTS, na ya 5, CTS, ni za kusimamishana: kila upande humwambia mwingine lini apeleke na lini angoje. Katika plagi ndogo ya pini 9 kazi ni hizo hizo ila namba zimebadilika: DCD ni 1, DTR ni 4, RTS ni 7 na CTS ni 8. Watu wengi wamepoteza siku nzima kwa kuchanganya namba za plagi hizi mbili, nami ni mmoja wao.

Unix, ambayo Ken Thompson na Dennis Ritchie waliianzisha mwaka 1969 katika maabara za Bell, ilizaliwa ndani ya kampuni ya simu, na jambo hilo linaonekana katika tabia yake. Inachukulia kwamba mtumiaji anaweza kuwa mbali, mwisho wa laini inayoweza kukatika wakati wowote. Kwa kila laini kuna programu ndogo iitwayo getty. Getty huomba kiini cha mfumo kimfungulie laini, na kiini hakijibu mara moja. Hukilaza kitendo hicho usingizi mpaka DCD ipande. Mpigaji anapounganishwa, DCD hupanda, getty huamka na kuandika neno login:. Mtumiaji akishatambuliwa, nafasi ya getty huchukuliwa na programu ya kupokea amri zake.

Ama kuhusu kuondoka, kuna njia mbili. Mtumiaji akiaga kwa adabu, programu yake hufunga laini, na kiini hushusha DTR ili modemu ikate simu. Laini ikikatika ghafla, modemu hushusha DCD, kiini huona, na hupeleka ishara iitwayo SIGHUP kwa programu zote za mtumiaji huyo ili zife. Getty mpya huzaliwa na kungoja mpigaji mwingine. Utaratibu huu ni mzuri sana, lakini wote umetundikwa juu ya nyaya mbili.

Kebo ya fundi wetu haikuwa nazo. Alipoiunganisha, kompyuta haikujibu kitu, kwa sababu getty ilikuwa imelala ikingoja DCD isiyoweza kufika. Akafanya kama mafundi wengi walivyofanya duniani kote: ndani ya plagi, upande wa kompyuta, aliunganisha DTR na DCD kwa kipande cha waya, na RTS na CTS kwa kipande kingine. Kompyuta ikawa inajijibu yenyewe. Ilipouliza kama mwenziwe yupo, kauli yake mwenyewe ya kuwa tayari ilirudi ikiwa jibu la ndiyo, milele. Na kwa kuwa modemu haikuiona DTR, ilikataa kupokea simu, mpaka ikaamriwa isiijali kabisa pini ile.

Sasa msomaji anaweza kuyasoma maradhi yote matatu. Laini ya msimamizi ilipokatika, modemu ilijua, lakini haikuwa na waya wa kusemea. Programu ya root ikabaki hai, ikingoja amri inayofuata, nayo ikaletwa na mwanafunzi. Ijumaa usiku programu ya barua ilipomaliza kazi ilishusha DTR, lakini waya ule haukufika popote. Modemu ya upande wa pili nayo ilikuwa na kasoro ya namna hiyo hiyo, basi zikabaki zimeshikana. Na mistari iliyorukwa? Kompyuta iliipelekea modemu herufi kwa biti 38,400 kwa sekunde, ilhali laini, usiku wa mvua, ilipitisha 19,200 au pungufu. Ghala ndogo ya modemu ilijaa, modemu ikasema simama kupitia CTS, lakini CTS ya kompyuta ilikuwa imefungwa kwenye RTS yake yenyewe. Barua fupi ilitosha ndani ya ghala. Faili refu lilimwagika.

Kuna dalili ndogo tuliyokuwa tumeipuuza tangu mwanzo. Kila aliyepiga simu alikuta ukimya mpaka abonyeze kitufe mara moja au mbili. Getty ilikuwa imekwisha kuandika login: saa nyingi kabla, wakati hapakuwa na mtu wa kuisoma, kwa kuwa iliamini daima kwamba mtu yupo. Ukiona dalili hii katika mfumo wowote, usiende mbali, tazama DCD.

Kuiamrisha modemu

Kebo kamili peke yake haitoshi, kwa maana modemu nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimeamriwa kusema uongo kwa upole: DCD huonyeshwa kuwa juu wakati wote, na DTR haijaliwi. Lugha ya kuziamrisha ilitokana na modemu ya kampuni ya Hayes iitwayo Smartmodem, ya mwaka 1981, na kila amri huanza kwa herufi AT. Amri ya &C1 huifanya DCD ifuate wimbi chukuzi kweli kweli. &D2 huifanya modemu ikate simu DTR inaposhuka, na katika modemu nyingi &D3 hufanya hivyo na kurudisha pia mipango iliyohifadhiwa, ili kila mpigaji aiache nyumba kama alivyoikuta. &W huhifadhi mipango hiyo hata umeme ukizimika. Amri ya kuwasha usimamishaji wa RTS na CTS ndiyo yenye kuleta taabu, kwani kila kampuni iliandika yake: nyingi hutumia &K3, lakini modemu za USRobotics hazitumii hiyo, na hapo hakuna njia ila kusoma kitabu kilichokuja na chombo.

Upande wa Unix amri inayolingana nazo katika Linux ni stty pamoja na maneno -clocal, crtscts na hupcl. La kwanza huamuru DCD iheshimiwe, la pili RTS na CTS zitumike, la tatu DTR ishushwe laini inapofungwa. Wengine hutaka kusimamishana kwa herufi mbili maalumu, ziitwazo XON na XOFF, badala ya nyaya. Njia hiyo haifai. UUCP, programu ya kubadilishana barua na mafaili baina ya mashine za Unix ambayo Mike Lesk aliianza katika maabara zile zile za Bell, hupeleka kila aina ya herufi ndani ya vifurushi vyake, na herufi ya faili ikisadifu kuwa XOFF, mazungumzo hukwama. UUCP yenyewe hukagua kila kifurushi na kurudia kilichoharibika. Ndiyo maana barua zetu za usiku hazikuwa na mapengo hata kabla ya kebo kubadilishwa.

Kasi baina ya kompyuta na modemu iwekwe moja, isibadilike, hata kama kasi ya laini inabadilika kila simu. Lakini iwe kasi ambayo kompyuta inaiweza. Kwa biti 115,200 kwa sekunde herufi moja hufika kila baada ya sehemu 87 za milioni ya sekunde. Chipu ya zamani ya 16450 ilikuwa na nafasi ya herufi moja tu ya kungojea, na kompyuta iliyoshughulika na diski iliweza kuchelewa na kuipoteza. Chipu ya 16550A ina nafasi 16.

Kuna ugonjwa mmoja zaidi ambao huwachekesha wageni na kuwaliza wenyeji. Modemu ikiachwa na tabia ya kurudisha kila inachoandikiwa, nayo DCD ikiwa juu bila haki, getty huandika login: na modemu huirudisha. Getty hudhani kwamba mtu amejitambulisha kwa jina la ajabu, humwuliza neno la siri, nalo swali hilo hurudishwa likiwa jibu. Mashine mbili hubishana hivyo usiku kucha, na kompyuta huelemewa bila mtu yeyote kuwa ndani. Kwa getty ya kawaida dawa ni E0 na Q1, yaani usirudishe na usitoe taarifa.

Mimi napendelea programu iitwayo mgetty, iliyoandikwa na Gert Doering wa Ujerumani. Getty ya kawaida huiachia modemu kupokea simu yenyewe, kwa kuweka 1 katika rejista ya S0. Basi, DTR isipojaliwa, modemu hupokea hata kama kompyuta imekwama, na mpigaji hulipia ukimya. Mgetty huweka S0=0, husikiliza modemu ikitoa taarifa ya RING, na ndipo yenyewe huamuru ATA, yaani pokea. Kompyuta ikiwa imekufa, simu hulia tu na mpigaji halipi kitu. Kadhalika huheshimu faili la kufuli linalowekwa na programu inayopiga simu kwenda nje, hivyo laini moja hutumika kuingia na kutoka bila kugombaniwa.

Kuhusu laini zenyewe nitasema machache. Modemu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani huenda isiutambue mlio wa kupigia wa nchi nyingine, ikasema NO DIALTONE hali mlio upo. Amri ya X3 huiambia isiungoje. Mitambo ya zamani isiyoelewa milio ya tarakimu huhitaji ATDP badala ya ATDT. Na pale ambapo mikwaruzo hukatiza wimbi kwa kitambo kifupi, rejista ya S10, inayohesabu sehemu za kumi za sekunde, inaweza kuongezwa ili modemu ivumilie kidogo kabla ya kukata. Lakini uvumilivu ukizidi, tunarudi kule kule kwa root aliyeachwa wazi.

Simu za waya zinapungua mwaka hadi mwaka, wala sidhani kwamba msomaji atanunua modemu kesho. Hata hivyo vipande vya GSM vinavyowekwa ndani ya mita na vituo vya hali ya hewa, kila kimoja na laini yake ya simu ya mkononi, bado huamriwa kwa AT, ATD na ATA, mara nyingi kupitia nyaya zile zile za RTS, CTS na DTR. Wanafunzi wangu huviunganisha kwa nyaya tatu, kisha huja kuniuliza kwa nini vinakwama.

Kebo mpya tuliitengeneza wenyewe kwa nyaya tisa, tukazipima moja moja kwa mita kabla ya kufunga plagi. Jioni ile msimamizi aliingia kutoka nyumbani, nami nikabaki mbele ya kompyuta. Amri ya who ilionyesha jina lake. Nikachomoa waya wa simu ukutani, nikahesabu moja, mbili, tatu, nikaandika who tena. Jina halikuwapo. Nikarudisha waya, nikampigia kwa simu ya ofisini nimwambie ajaribu mara ya pili, na safari hii login: ilimfikia bila kubonyeza kitu.